Mbwa si Pipa la Taka

Wahenga walinena kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Walikusudia kutuonya dhidi ya mazoea yasiyo na mipaka, lakini leo nauazima usemi wao kwa maana nyingine: anachokila mbwa huko uani, hatimaye huingia nacho nyumbani mwetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifunza katika shule moja ya bweni iliyofuga mbwa watatu wa ulinzi. Muhula mmoja magunia mawili ya mahindi yalipatikana ghalani yakiwa yameota ukungu. Mpishi, mzee mwenye busara, alikataa katakata kuwapikia wanafunzi mahindi hayo. Hatukuyatupa. Tuliafikiana kwamba yasagwe, na mbwa wasongewe ugali wake. Mimi nilikuwamo katika kikao hicho na sikufungua kinywa changu. Baada ya majuma machache mbwa wale walianza kususia chakula, wakatapika na kukonda, na fizi zao zikageuka rangi ya manjano. Wawili walikufa. Daktari wa mifugo alipofika alituuliza swali moja tu: "Wamekuwa wakila nini?" Tulitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake ajibu.

Nalitoa kisa hiki hadharani kwa sababu sidhani kwamba sisi tulikuwa wabaya kuliko watu wengine. Humu nchini tumezoea kuamini kwamba chakula kikishamshinda binadamu ndipo kinapomfaa mbwa. Nyama iliyooza, uji uliochacha, unga uliovunda, yote hayo tunamtupia, kisha tunajisifu kwamba tumemkirimu. Mbwa naye, kwa kuwa ana njaa na hana ulimi wa kulalamika, hula.

Tuanze na hayo mahindi. Ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu huweza kutoa sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hii hushambulia ini, wala haiondolewi kwa kuchemsha au kusonga ugali. Mwaka wa 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sababu ya vyakula vilivyohifadhiwa vibaya. Mwaka wa 2004 zamu ikawa yetu binadamu: katika maeneo ya Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 miongoni mwao wakaaga dunia. Ini la mbwa na ini la mtoto wa shule huharibiwa na sumu ile ile. Anayeona mahindi hayafai kwa mmoja hana hoja ya kumpa mwingine.

La pili ni matumbo, mapafu na maini mabichi yanayotupwa karibu na machinjio, au yanayorushiwa mbwa siku ya sherehe mbuzi anapochinjwa. Kuna aina ya tegu mdogo sana anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, yakaangukia malishoni, na mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia wakayameza. Ndani ya miili ya wanyama hao hufanyika vifuko vya maji katika ini na mapafu. Mbwa akila viungo hivyo vibichi, tegu hukomaa tena tumboni mwake, na mzunguko huanza upya. Binadamu huingia katika mzunguko huu anapoyameza mayai kupitia mikono isiyonawa, maji au mboga zilizochafuliwa. Huo ndio ugonjwa wa haidatidi. Kifuko hukua kimyakimya kwa miaka mingi, na mara nyingine hapana budi mgonjwa kupasuliwa. Turkana imewahi kuhesabiwa miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa zaidi ulimwenguni, na mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo ulianzishwa huko mwaka wa 1983. Kinga yake haihitaji maajabu: viungo hivyo vichemshwe nusu saa au vizikwe kwenye shimo refu, na mbwa apewe dawa ya minyoo kama anavyoagiza daktari wa mifugo.

La tatu ni vitamutamu tunavyompa mbwa kwa mapenzi. Hapa kosa si la mchoyo bali la mkarimu. Mtoto humega chokoleti akampa mbwa wake, asijue kwamba ndani yake mna kemikali ambayo mwili wa mbwa hushindwa kuiondoa upesi, na ambayo huweza kuusumbua moyo wake. Zabibu, mbichi au kavu, zaweza kuharibu figo zake. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, hata vikiwa vimepikwa ndani ya mchuzi. Peremende na ubani usio na sukari mara nyingi hutiwa zailitoli, ambayo hushusha sukari katika damu ya mbwa kwa ghafla. Hata mfupa wa kuku, ambao wengi huuona kuwa ndiyo haki ya mbwa, ukishapikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali na kuweza kutoboa utumbo.

Najua msomaji mmoja atanijibu kwa hasira: "Watu hawajashiba, nawe wanena habari za karamu ya mbwa!" Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Lakini simwambii mtu anunue mikebe ya nyama na biskuti za mbwa kutoka ng'ambo. Nasema tu kwamba asiyeweza kumlisha mbwa asimfuge, kwa maana mbwa mwenye njaa hazuiliki nyumbani. Atazurura majaani, atapigana na wenzake, na huko ndiko kichaa cha mbwa kinakosambaa. Serikali yetu ilizindua mwaka wa 2014 mkakati wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huo ifikapo mwaka wa 2030. Chanjo ndiyo silaha kuu, lakini itawafikiaje mbwa wasio na makao wala bakuli?

Isitoshe, chakula kifaacho hakina gharama kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia ambao ni wa ukoo wake, amejaliwa uwezo mkubwa zaidi wa kumeng'enya wanga, kwa kuwa ameishi na kula na binadamu kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo ugali au wali si sumu kwake. Upungufu ni kwamba ugali mtupu haujengi mwili. Mchanganyie omena waliooshwa mchanga na kupikwa bila chumvi, au matumbo yaliyochemshwa vizuri, au yai, pamoja na karoti au malenge kidogo. Mbwa mzima apewe mara mbili kwa siku, kidogo mara moja kuliko kumshindilia, na mtoto wa mbwa mara tatu au nne. Maji safi yasikosekane. Vitamutamu navyo, kama vile kipande cha karoti au cha nyama iliyochemshwa, visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, kwani mbwa mnene kupita kiasi huugua kama mtu.

Na kila mbwa ana hali yake. Mbwa wa mchungaji anayetembea kutwa nzima hawezi kupimiwa sawa na yule afungwaye kibandani mchana. Mja mzito, mnyonyeshaji na mkongwe wana mahitaji tofauti. Mwenye mbwa amtazame wake: mbavu, manyoya na kinyesi vitamwambia mengi.

Walimu wenzangu, somo hili linatuhusu. Katika sayansi na kilimo tunafunza mizunguko ya minyoo kwa michoro ubaoni, wanafunzi wakaikariri kwa ajili ya mtihani, ilhali nyuma ya jikoni la shule mzunguko wenyewe unaendelea. Wapeni wanafunzi kazi ya kuandika kwa juma moja yote ayalayo mbwa wa shule au wa nyumbani, kisha myajadili darasani. Nanyi wanafunzi, mkirudi makwenu likizoni, nyinyi ndio mtakaoona kinachotupwa uani siku ya sherehe. Semeni kwa adabu, lakini semeni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilinyamaza katika kikao kile, na swali la daktari halijanitoka masikioni hadi leo. Ni afadhali tujiulize sisi wenyewe kila jioni, bakuli likiwa bado mkononi: mbwa huyu anakula nini?