NENO LA SIRI SI KUFULI

Ndugu Wafanyakazi,

Wazee wanaikumbuka tiketi ya siku 30. Ukimaliza kazi ya siku, alama inatiwa, nawe unaiona kwa macho yako. Leo mashamba mengi ya hapa Mau Narok, ya ngano, ya shayiri na ya viazi, yanaandika siku zetu katika kompyuta ya ofisi. Mshahara, makato ya N.S.S.F., makato ya afya na namba ya kitambulisho, yote yamo humo. Si vibaya. Lakini nauliza: kompyuta hiyo imefungwa na nini?

Utajibiwa, "Usiwe na wasiwasi, ina neno la siri." Karani akienda kunywa chai, picha zinaanza kuchezacheza kwenye skrini, na mtu akigusa kitufe anaulizwa neno hilo. Basi wakubwa wanaridhika.

Mimi siridhiki, kwa sababu kompyuta nyingi za maofisini kwetu ni kuukuu. Zile za Windows 95 na Windows 98 hazikuwa na ulinzi wa maana. Mtu aliizima mashine, akaiwasha tena, na alipoulizwa neno la siri alibonyeza kitufe cha Esc tu akaingia. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa afadhali, lakini hata hiyo, na nyingine zilizofuata, mtu mwenye flashi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo anaweza kuiwasha mashine kwa flashi yake na kusoma diski yote bila kuulizwa neno, ikiwa maandishi ya diski hayakufumbwa. Tena Microsoft iliacha kuirekebisha XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Marekebisho ya kawaida ya Windows 10 nayo yalikwisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Ni sawa na gala la ngano lenye kufuli kubwa mlangoni, na mabanzi ya nyuma hayana misumari. Na mara nyingine neno lenyewe limeandikwa kwenye karatasi kando ya skrini, na watu watatu wanalitumia.

Sasa sikilizeni hatari yake. Siku za mtu zikipunguzwa, atalalamika kwa nani? Kompyuta itasema alifanya siku 19, na yeye hana karatasi. Na karani, ambaye ni mfanyakazi mwenzetu, ataambiwa: "Jina lako ndilo lililoingia, wewe ndiwe mwizi." Lakini tumeona kwamba katika mashine ya namna hii jina halithibitishi mkono wa nani uliandika.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, inamtaka mwajiri atoe maelezo ya mshahara na makato kwa maandishi. Kifungu cha 41 kinasema mtu anayeshtakiwa kwa kosa asikilizwe kabla ya kufukuzwa, akiwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu yake. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuweka habari za watu azilinde, nawe inakupa haki ya kuziona habari zako na kutaka makosa yasahihishwe.

Matajiri watasema kompyuta mpya ni ghali. Haya, hatuombi miujiza. Tunataka mlango wa ofisi ufungwe kwa ufunguo. Kila karani awe na jina lake na neno lake, asilazimishwe kumpa mtu. Diski ifumbwe pale inapowezekana. Na kila mwezi orodha ya siku za kazi ipigwe chapa, mfanyakazi aisome na atie sahihi kabla ya mshahara.

Na sisi wenyewe tusikae tukingoja. Nunua daftari dogo, andika siku zako kila jioni, na weka karatasi za mshahara mahali pakavu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho letu ndilo mali yetu.

Karani akishtakiwa kwa neno la siri tu, mwiteni mjumbe wa chama siku hiyo hiyo. Leo ni yeye, kesho ni wewe.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Mau Narok