Dakika ishirini za Hisabati

UBAONI
Na Zuhura Mbonde

Shule anayosoma mtoto wa kaka yangu haina kengele. Ina rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na kipande cha nondo. Ikigongwa, wenzake wanatimka kwenda kucheza. Yeye anaingia chini ya dawati na kuziba masikio. Siku moja mwalimu alimfokea: "Masikio umeyaacha nyumbani?" Akayagusa, akajibu kwa adabu, "Yapo." Darasa zima likacheka. Akachapwa kwa kujibu.

Nilikwenda kuzungumza na mwalimu huyo. Alinipa kiti, akaniulizia habari za nyumbani, kisha akasema, "Shangazi, huu mwaka wa kumi na nane nafundisha. Mtoto mlemavu namjua. Huyu wenu ana jeuri tu."

Sikuweza kumchukia. Ana watoto 94 katika chumba kimoja, na macho yake yamezoea ulemavu wenye ushahidi: kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe. Usonji hauna cha kushika mkononi. Mtoto ana afya, anakimbia, anakutajia vituo vyote vya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo bila kuruka hata kimoja. Nani atakuelewa ukisema anahitaji msaada?

Siku hiyohiyo nilimwona msichana wa darasa la tatu akisomeshwa chati ya silabi. Fimbo ikianzia "ba", anaimba hadi "bu" bila kukwama. Nikaomba ruhusa, nikagusa "bo" peke yake. Akaniangalia usoni, si ubaoni, akabahatisha: "Da?" Kumbe miaka yote hiyo ameshika wimbo, herufi hazijui. Kwenye daftari lake wino mwekundu umeandika "ongeza bidii", ukurasa baada ya ukurasa. Bidii gani tena, jamani?

Si kwamba nchi imelala. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, Chuo cha Patandi kinatoa walimu wa elimu maalumu, na hapa Dar es Salaam Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Ugomvi wangu ni na tafsiri yetu. Tukisikia "mahitaji maalumu" tunawaza kitengo, chumba cha peke yake, mwalimu wa peke yake. Basi mwalimu wa darasa la kawaida anajiona hahusiki, na mzazi asiye na nauli ya daladala mbili kila asubuhi anabaki na mtoto wake palepale penye rimu.

Angalieni jambo moja. Ukifika mtihani wa darasa la saba, Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Naupenda utaratibu huo. Unakiri waziwazi kwamba kuna mtoto anayejua jibu ila hawezi kulitoa kwa kasi ya wenzake. Lakini dakika hizo zinakuja siku mbili za mwisho, baada ya miaka ya kuharakishwa na kuitwa kilaza. Na ni za aliyetambuliwa. Yule msichana wa "bo" hajatambuliwa na mtu. Ataingia chumba cha mtihani kama mzembe mwingine yeyote.

Hata viboko vina kanuni zake, za mwaka 2002: visizidi vinne, mwalimu mkuu ndiye achape au aidhinishe, na kosa liwe kubwa. Kusema "yapo" ni kosa kubwa la namna gani?

Muhula huu mtoto wetu amepata mwalimu mwingine, kijana. Hajasomea elimu maalumu. Amechora ratiba ya siku kwenye nusu ya manila na kuibandika kwenye dawati, na dakika tano kabla ya mapumziko anapita na kumnong'oneza, "Rimu inakuja." Basi, hana la zaidi. Juzi nilipopita pale saa nne nilimkuta mtoto chini ya mwembe, nondo ameishika yeye. Aligonga mara tatu, taratibu, huku sikio moja amelilaza begani.