Kwa kifupi

BARAZANI, na Mzee Kobe

Jumamosi iliyopita nilipanda boti ya asubuhi kwenda Unguja. Mnaonisoma tangu zamani mnajua mimi na bahari tulivyo, kwa hiyo yaliyonipata huko katikati ya maji nayaacha majini. Nilishuka, nikanawa uso, nikamshika mjukuu wangu mkono, tukajiunga na ziara ya siku moja: asubuhi Mji Mkongwe, mchana magofu ya Maruhubi. (Kisiwa cha Changuu, waliko kobe ndugu zangu, hakikuwemo kwenye ratiba. Acheni kucheka.) Nimerudi na hasira. Mama Watoto, ambaye nyinyi mnamwamini kuliko mnavyoniamini mimi, kanionya nisiandike hasira ikiwa mbichi. Naandika.

Tulikuwa kumi. Wageni wanne kutoka Uholanzi, na sisi wa huku sita: mimi na mjukuu, bwana na bibi harusi wa wiki mbili, na akina mama wawili wa Ujiji waliokuja kwenye harusi ya ndugu Dar wakaapa hawarudi Kigoma bila kuiona Zanzibar. Wote tumelipa bei moja, na wote tunatembezwa na kijana mmoja. Watu wa kazi yake mitaani wanaitwa "gaidi". Siku zote nilidhani ni utani wa Kiingereza kilichopinda.

Kituo cha kwanza, Beit al-Ajaib. Kijana akawapa wageni uso, sisi akatupa mgongo, akafungulia Kiingereza kama bomba la maji: Sultani Barghash, mwaka 1883, nguzo za chuma, taa za umeme wakati majirani wanawasha vibatari, halafu vita ya Agosti 1896 na manowari za Waingereza, vita ya dakika 38 hivi. Anaeleza vizuri, sitamnyima haki yake. Wageni wanaguna, wanauliza, wanajibiwa. Zikapita dakika kumi. Ndipo akatugeukia sisi.

"Kwa kifupi, hii nyumba ilianguka."

Akaanza kuondoka.

Ni kweli ilianguka. Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Hata hilo hatukuambiwa. Mjukuu akaniuliza, "Babu, ilianguka lini?" Nikajikuta nimegeuka mwongozaji wa bure.

Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nje ya kanisa kuna sanamu za watumwa zimesimamishwa ndani ya shimo, shingoni wamefungwa mnyororo wa kweli, kazi ya Mswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Wageni walielezwa wakanyamaza, mmoja akavua miwani akajifuta. Sisi: "Kwa kifupi, walikuwa wanauzwa hapa." Bwana harusi, ambaye hakuelezwa kitu cha kumnyamazisha, akatoa simu, akachuchumaa ukingoni, akaweka tabasamu la ufukweni. Mkewe akamvuta shati. Watu watamlaumu bwana harusi kwa ujinga, mimi namlaumu aliyelipwa kumfundisha.

Humo ndani ya kanisa kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba mafundi walizipachika askofu akiwa safarini. Wageni wakacheka, na mmoja wa akina mama akacheka nao kwa adabu, kisha akaninong'oneza, "Baba, tunacheka nini?"

Tukafika kwenye msalaba wa mti. Umechongwa kutoka kwenye mti ambao chini yake, kule Chitambo, Zambia ya leo, ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Kijana akaenda mbali, akawatajia wageni Stanley, akawatajia Ujiji. Yule mama mkubwa akasikia jina la kwao. Akasogea mbele, akatengeneza khanga, akauliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, umesema nini habari za Ujiji?"

"Aa, mama. Kwa kifupi, kuna Mzungu alipita huko kwenu."

Nawaombeni mlisome tena jibu hilo. Mwanamke katoka Ujiji, mji ambao misafara ya pembe na watumwa ilianzia safari ya kuja pwani. Amesimama juu ya ardhi ambayo watu wa kwao walinadiwa mpaka Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko, mwaka huohuo wa 1873. Mholanzi kaelezwa. Yeye kaambiwa Mzungu alipita.

Na nyuma ya madhabahu, hatua chache tu kutoka pale, amelala Askofu Edward Steere. Alifika Unguja 1864, akakaa chini na wenyeji akajifunza lugha yao, mwaka 1870 akachapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha hapahapa, akatafsiri Agano Jipya. Mwingereza huyo hakuona Kiswahili ni lugha ya muhtasari. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, kikachaguliwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, hiki ninachowaandikia. Mjukuu akauliza aliyezikwa pale ni nani. "Kwa kifupi, askofu."

Maruhubi nilivumilia nusu saa. Kasri la Barghash liliungua 1899, zimebaki nguzo nene zimepangana kama watu waliosahauliwa kituoni, na bafu lisilo na marumaru yake. Wageni wakapewa masuria, moto, mifereji ya maji. Sisi tukapewa kivuli cha mwembe. Hapo ndipo nikamwita pembeni.

"Shikamoo mzee," akasema, maana alikuwa hajanisalimu tangu asubuhi.

Nikamuuliza kwa nini Kiswahili chake kina pumzi fupi. Akacheka bila ubaya wowote. "Mzee, nyinyi si wenyeji? Haya si mnayajua tayari?"

Hatuyajui! Darasani tulipewa tarehe za kujibia mtihani. Sababu ya kweli ni bakshishi, hakuna nyingine. Mgeni anatoa noti ya yuro, sisi tunatoa asante. Najua kuna atakayeniandikia kwamba milangoni mwenyeji hulipa kiingilio kidogo. Kweli. Lakini sijaona kibao kilichoandikwa nusu kiingilio, nusu historia. Na kila Julai 7 tunavaa fulana za Siku ya Kiswahili Duniani, tunapiga makofi kwamba lugha imevuka bahari. Huko ilikovuka sijui. Mimi nimevuka bahari nikatapika, nikaikuta Mkunazini imekatwa ulimi.

Mnaofanya biashara ya ziara, wekeni waongozaji wawili, au andikeni kwenye bango kabla hatujatoa pesa kwamba Kiswahili ni kwa kifupi.

Kwenye boti ya kurudi nilikaa na yule mama. Nikajitia mwalimu, nikaanza kumweleza jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, chini ya mwembe. Akaniacha nimalize, kisha akasema mwembe wenyewe ulishakufa, iliyopo ni watoto wake, na kwao si mbali na hapo. Akaanza yeye. Akaeleza alivyosimuliwa na bibi yake habari za njia ya misafara, miembe iliyopangana kandokando, waliofungwa na waliowafunga. Mjukuu akalala, akaamka, akamkuta mama bado anasimulia. Bahari ilichafuka nisijue.

Boti ilipofunga gati Dar karibu na magharibi, msafara wake ulikuwa bado haujatoka Tabora.