Mmemuua Kamala, halafu mnatuambia tutulie

Najua nimepotea. Wiki mbili hizi nimekuwa na testi tatu na kazi moja ya kikundi ambayo tumesaini watu watano ila aliyeifanya ni mmoja (mnamjua). Leo nilipanga niandike kuhusu maji ya ghorofa yetu, lakini jana usiku limetokea jambo rumu kwetu, na nisipolitoa sitalala.

Ni hivi. Nilikuwa kitandani nasoma upya kitabu cha kwanza cha Ms. Marvel. Kiukweli si changu, ni cha mdogo wangu, nitaeleza mbele. Mwenzangu mmoja akauliza, "Huyo si ndiye yule aliyekufa, ukanuna wiki nzima?" Nikasema ndiye. Wakacheka wote. Mmoja akasema, "Dada, mtu mzima unalilia katuni?" Mwingine, yule anayejua kila kitu, akamalizia, "Na kwanza si alirudi? Sasa ulilia nini?"

Nikanyamaza. Tatizo langu ni moja, majibu mazuri hunijia saa nane za usiku, wenzangu wakishaanza kukoroma. Basi haya hapa.

Kwa wasiomjua: Kamala Khan ni binti wa miaka kumi na sita kutoka Jersey City, Marekani, Mwislamu, wazazi wake wametoka Pakistani. Baba yake anafanya kazi benki, mama yake ni mkali, kaka yake ni wa swala tano na mawaidha juu. Mwaka 2014 kampuni ya Marvel ilimpa mfululizo wake mwenyewe, ukiandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona. Ndiye Mwislamu wa kwanza kubeba kitabu chenye jina lake pale Marvel. Na msidhani alipendwa kwa kuonewa huruma. Kile kitabu cha kwanza, No Normal, kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015.

Tarehe 31 Mei 2023 wakamuua. Tena hawakumuulia nyumbani kwake. Walimuulia kwenye kitabu cha mtu mwingine, The Amazing Spider-Man toleo la 26, ambamo yeye alikuwa mgeni tu anayepitapita. Na habari ya kifo ilitangazwa kabla kitabu hakijafika dukani. Hebu fikiria, tangazo la msiba wa mtu ambaye bado hajafa, ili watu wajipange foleni.

Sasa nianze na hili la "ni katuni tu". Jamani, ninyi ambao Jumamosi mnashinda na huzuni kwa sababu timu ya Uingereza imefungwa dakika ya tisini, nimewahi kuwaambia "ni ngozi tu iliyojazwa upepo"? Ninyi mnaofuta machozi kwa tamthilia za Kikorea, tena kwa kusoma maandishi ya chini, nimewahi kucheka? (Sawa, mara moja.) Kila mtu ana mahali alipoweka moyo wake. Bibi yangu alikuwa akitusimulia hadithi za sungura, na sungura alipokamatwa na simba tulikuwa tunalia kwelikweli. Hakuna mkubwa aliyetuambia, "Kaeni kimya, huyo ni sungura wa uongo." Alijua kwamba mtoto anayemlilia sungura ndiye atakayejua kumlilia jirani.

Halafu lile la pili, "alirudi". Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ngojeni tupige hesabu. Alikufa tarehe 31 Mei. Tarehe 12 Julai wakatoa kitabu maalumu cha msiba, Fallen Friend, mashujaa wote wamekuja kumlilia. Tarehe 26 Julai, kwenye kitabu cha X-Men: Hellfire Gala, akafufuka. Siku 56 jumla. Yaani arobaini ilipita, zikaongezeka siku kumi na sita, marehemu huyo anaingia mlangoni. Na kati ya kuuziwa matanga na kuuziwa ufufuo zilipita siku 14 tu!

Aliporudi akawa mmoja wa miutanti, yaani kundi la akina X-Men. Mwaka mmoja kabla, 2022, tamthilia yake ya televisheni ilikuwa imemalizika kwa kudokeza jambo hilo hilo, na Novemba 2023 filamu ya The Marvels ilikuwa inakuja. Mimi sikukaa kwenye vikao vyao. Lakini mtu mwenye macho anaona kwamba yule binti hakufa kwa sababu hadithi ilifika mahali pa kifo. Alikufa kwa sababu kulikuwa na fomu ya kubadilisha kitambulisho, na mlango wa ofisi hiyo unapitia makaburini.

Sasa njooni kwenye jinsi alivyokufa, maana hapa hata wasomaji wengi wa vitabu hivi hawajapatazama vizuri. Kamala ana uwezo wa kubadili umbo. Kwenye hadithi yake ya kwanza kabisa, alipopata nguvu, alitamani awe Carol Danvers, shujaa wake: nywele za dhahabu, ngozi nyeupe, viatu virefu. Akawa hivyo. Na akajisikia vibaya! Nguo inabana, nywele zinaingia mdomoni, na moyoni hayupo. Kitabu kizima kinaeleza alivyojifunza kuokoa watu akiwa na sura yake mwenyewe. Kwa wasichana wengi hilo ndilo lilikuwa somo. Halafu mwaka 2023 wanamuuaje? Anajigeuza kuwa Mary Jane, mpenzi wa zamani wa Spider-Man, mzungu mwenye nywele nyekundu, ili adui amchome yeye badala ya Mary Jane. Yaani miaka tisa binti anajifunza kuvua sura ya mtu mwingine, siku ya kufa wanamvisha tena. Nani alisoma hiyo kazi kabla ya kuipitisha?

Mtaniambia alijitoa mhanga, ni ushujaa. Ushujaa wa nani? Kurasa za kilio ni za Peter Parker. Na Peter Parker hii si mara yake ya kwanza. Mwaka 1973, kwenye mfululizo huo huo, waliuawa Gwen Stacy, mpenzi wake, na miaka hamsini baadaye bado tunasoma huzuni yake Peter. Mwaka 1999 Gail Simone, kabla hajawa mwandishi maarufu wa komiki, alikusanya orodha ya wanawake wa vitabu hivi waliouawa, kujeruhiwa au kunyang'anywa nguvu zao, mara nyingi ili mwanamume wa kitabu apate sababu ya kukasirika. Orodha aliipa jina la friji, kutokana na toleo la mwaka 1994 ambamo Green Lantern anakuta maiti ya mpenzi wake imetiwa kwenye friji. Yaani miaka ishirini na minne baada ya orodha ile, friji bado iko kwenye umeme.

Msinielewe vibaya. Sisemi shujaa asife. Mwaka 1982 Jim Starlin aliandika kifo cha Captain Marvel, yule Mar-Vell wa mwanzo. Hakuuawa na adui. Aliumwa kansa, na mashujaa wenye nguvu za kusukuma milima wakakaa kando ya kitanda chake bila cha kufanya. Kila aliyewahi kumuuguza mtu anakijua kile chumba. Na kwa sehemu kubwa wamemwacha apumzike. Hata Captain America, aliyepigwa risasi kwenye ngazi za mahakama Machi 2007, alifia kwenye kitabu chake mwenyewe, na hadithi ikaendelea bila yeye, rafiki yake Bucky akabeba ngao. Alirudishwa baadaye, ndiyo, lakini walau wafiwa walipewa muda wa kufiwa.

Na sasa nitawageukia wenzangu, maana sisi si malaika. Novemba 1992 Superman alipokufa, kitabu kiliuzwa ndani ya mfuko mweusi, na ndani ya mfuko kuna kitambaa cheusi cha kufunga mkononi. Watu wakanunua nakala tano tano, wakazificha bila kufungua, eti wakizeeka wataziuza kwa bei ya nyumba. Mamilioni ya nakala! Kitu ambacho kila mtu anacho nani atakinunua kwa bei ya nyumba? Na Superman mwenyewe mwaka uliofuata alikuwa amesharudi kazini. Waliokuwa wanalia kweli walikuwa wengi, lakini waliokuwa wanafanya biashara ya jeneza walikuwepo pia, na kampuni ikajifunza kutoka kwao.

Mbaya zaidi ni 1988. Watengenezaji wa Batman waliwaambia wasomaji wapige simu, namba moja ya kumwokoa Robin wa pili, Jason Todd, namba nyingine ya kumuua. Senti hamsini kwa simu. Waliotaka afe 5,343. Waliotaka aishi 5,271. Tofauti ni kura 72, na mtoto akafa. Kwa hiyo msomaji mwenzangu, unapopiga kelele kwamba "wao" wanaua mashujaa wetu kwa pesa, kumbuka kuna siku walitupa kisu tukalipia na gharama ya kukishika.

Nimalizie na mdogo wangu. Kile kitabu mjomba alimletea yeye, alipokuwa darasa la sita. Alikisoma mpaka jalada likaachia, tukalibandika kwa gundi. Alipokuwa kidato cha pili akasikia habari za kifo, akaazima simu ya mama akanipigia. Hakulia. Aliuliza tu, "Dada, wako wengi vile, kwa nini wamemchagua yeye?" Sikuwa na jibu. Wale wazungu wote wamejaa mle, kila mmoja na kitabu chake, wanahitaji maiti ya kutangazia wanamchagua yule mmoja mwenye mama kama mama yetu.

Mwishoni mwa Julai nikampigia kwa furaha, "Amerudi!" Akasema, "Aa. Sawa." Basi. Nilipokuja likizo akanipa kitabu. "Chukua wewe, dada, mimi nimeshakua."

Hajakua. Amefundishwa kwamba ukimpenda mtu wa kitabuni utachezewa, kwa hiyo usipende. Ndiyo maana nilinuna wiki nzima, na ndiyo maana "si alirudi" hainipozi. Kamala alirudi. Msomaji wake hakurudi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mwenye kunipinga tukutane kimbwetani kesho baada ya lekcha ya saa nne. Kitabu chochote kitakachotangaza kifo kwenye jalada lake, sinunui, siazimi, sisomi hata cha bure. Wakiandika hadithi, nitasoma, na shujaa akifa ndani yake kwa haki, nitalia mbele yenu bila aibu. Lakini tangazo la biashara lililovishwa sanda, hapana. Kelele zetu wameshazizoea, wanazihesabu kama sehemu ya matangazo. Labda kitabu kikibaki dukani watasikia.

Na ninyi wenzangu wa rumu, najua mnasoma hapa. Mkimaliza kucheka, kitabu kiko chini ya mto wangu. Someni kurasa ishirini za mwanzo tu, halafu tuongee. Na msile mikate yangu.

Naomba kutoa hoja.