Amplifaya ya Valvu na Mpiga Gitaa wa Nyanda za Juu

Katika historia ya muziki wa dansi wa nchi hii limo jambo ambalo wapenzi wa muziki hulitaja kwa uchache kuliko linavyostahiki, nalo ni kwamba kwa miaka mingi aliyemiliki vyombo ndiye aliyemiliki bendi. Mwanamuziki aliweza kujaaliwa sauti ya kuwaliza watu, au vidole vilivyotii kila wazo la moyo wake, lakini gitaa alilolipiga, na amplifaya iliyolikuza, na hata waya uliounganisha kimoja na kingine, aghalabu vilikuwa mali ya mfanyabiashara, au ya shirika, au ya jumuiya ya umma. Na siku ile mwenye mali alipobadili nia, bendi yenye jina kubwa iligeuka kundi la watu wasio na kitu mikononi. Iringa ina mfano wake wa fahari katika Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kampuni ya kukata almasi, ambayo katika miaka ya 1980 iliwakusanya pamoja watu kama Kasaloo Kyanga na pacha wake Kyanga Songa, na mpiga gitaa John Kitime, ikatoa katika mji wa nyanda za juu, mbali na Dar es Salaam, muziki uliosikika taifa zima. Kampuni inastahiki shukrani kwa kununua vyombo. Lakini madhali vyombo vilikuwa vya kampuni, uhai wa muziki ulifungamana na uhai wa kampuni.

Leo mashirika yenye bendi ni machache mno, na vijana wanaopiga gitaa katika Mbeya na Iringa hupatikana zaidi katika kwaya za makanisa, ambako gitaa la umeme limekaa muda mrefu hata likawa mwenyeji. Rai yangu ni kwamba vijana hawa wafundishwe kuziunda wenyewe amplifaya zao, na waanze na ile ya zamani ya valvu, ijapokuwa dunia iliipa kisogo tangu transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ilipozoeleka katika redio na vyombo vya sauti. Najua kwamba pendekezo hili litawashangaza wengi, kwa kuwa ni desturi yetu kudhani kwamba anayejifunza ufundi yampasa aanze na kilicho kipya kabisa. Nami naomba msomaji anivumilie nieleze sababu.

Chombo ninachokikusudia ni kile kidogo kiitwacho Champ, alichokitengeneza Leo Fender katika mji wa Fullerton, California, ambacho ramani yake ya umeme ya miaka ya 1950 imeenea duniani kote na huweza kuchorwa nzima katika ukurasa mmoja wa daftari la shule. Kina valvu tatu tu. Ya kwanza, 12AX7, hupokea ishara dhaifu ya gitaa, ambayo huwa kama sehemu ya kumi ya volti au pungufu, nusu yake moja ikaikuza mara 50 au 60, kisha nusu ya pili ikaikuza tena. Inayofuata, 6V6, huipa ishara hiyo nguvu ya kuisukuma spika. Na ile ya 5Y3 haihusiki na sauti, kwani kazi yake ni kuugeuza umeme wa kwenda na kurudi ukawa wa upande mmoja. Ndani ya valvu ya kukuzia, kathodi iliyopashwa moto hadi ikaiva humwaga chembe za umeme, na anodi yenye volti nyingi huzivuta, ilhali katikati yao imewekwa gridi ya uzi mwembamba, ambayo kwa badiliko dogo la volti huachia au huzuia mkondo mzima, mithili ya lango la mfereji katika mashamba ya mpunga ya Usangu, ambalo mkulima hulisogeza kwa mkono mmoja na maji ya kunywesha shamba zima yakabadili njia. Mhandisi Fleming alitengeneza valvu ya kwanza London mwaka 1904, na Lee de Forest akaiongezea gridi mwaka 1906. Elimu yote ya redio, simu na sauti ya nusu karne iliyofuata ilisimama juu ya hilo.

Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza, kwamba katika chombo hiki maarifa yanaonekana kwa macho na kupimika kwa mita. Mwanafunzi huziona rezista na kapasita zilizopangwa juu ya ubao, huzichomea kwa risasi moja baada ya moja kwa mkono wake, hufuata njia ya ishara kutoka kwenye tundu la gitaa hadi kwenye spika pasipo kupotea, na akipima volti katika kila kituo huweza kuilinganisha na ile iliyoandikwa katika ramani. Amplifaya za bei nafuu zinazouzwa katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, ndani yake zina vipande vidogo mno, vilivyogandishwa na mashine katika bamba lisilo na ramani ya kufuata, na zinapokufa fundi redio, hata awe hodari namna gani, mara nyingi hana la kufanya ila kumshauri mwenye nayo anunue nyingine.

Watauliza wengine wati 5 zitafaa nini. Sikio la mwanadamu halihesabu kama mita; sauti ya wati 50 husikika takriban mara mbili tu ya sauti ya wati 5, kwa hiyo amplifaya hii hutosha kwa mazoezi ya kwaya na kwa ukumbi mdogo, na penye mkutano mkubwa husogezewa kipaza sauti. Fauka ya hayo, valvu inapolemewa na pigo kali la nyuzi huiinamisha sauti taratibu kabla ya kuikata, na huko ndiko unakotoka ule ukali wenye joto ambao wapiga gitaa wa dunia nzima wanaendelea kuutafuta kwa bei kubwa.

Sasa nije kwenye lile ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote. Seti kamili ya vipuri iliyoagizwa kutoka ng'ambo ni ghali, na uzito wake mwingi umo katika sanduku la mbao, transfoma mbili na bamba la chuma, ambavyo nchi hii inaweza kuvitengeneza. Masanduku ya Fender ya wakati ule yalikuwa ya mbao za paini, zilizounganishwa pembeni kwa meno na kuvikwa kitambaa. Na paini ndiyo miti iliyojaa Sao Hill, katika Wilaya ya Mufindi, shamba kubwa la serikali linalolisha viwanda vya mbao vya Mafinga na kupeleka mbao katika kila pembe ya nchi. Seremala wa Iringa hahitaji kufundishwa kuunga meno. Anachohitaji ni vipimo, na subira ya kuziacha mbao zikauke sawasawa, kwa kuwa paini iliyopasuliwa ikiwa mbichi hujipinda baada ya sanduku kwisha kufungwa. Bamba la chuma ni kazi ya siku moja kwa fundi bati.

Na transfoma je? Mbeya na Iringa zinao mafundi wa kusuka mota, watu wanaohesabu mizunguko ya waya wa shaba kila siku. Transfoma ya spika ya chombo hiki inataka omu 5,000 hadi 8,000 upande wa valvu, na mwanya mwembamba uachwe katika chuma chake, kwa sababu mkondo wa upande mmoja hupita humo wakati wote. Kwenye transfoma ya umeme fundi wetu anaweza kumshinda hata aliyeuza seti ng'ambo. Nyuzi za moto za 12AX7 na 6V6 hutaka volti 6.3, na kwa kawaida huvumilia upungufu au ziada ya takriban asilimia 10. Umeme wa volti 230 ukishuka hadi 200, kama unavyoweza kushuka mahali pengi jioni, volti hizo hubaki kama 5.5, na sauti hudhoofika. Transfoma iliyosukwa hapa yaweza kuwekewa maingilio ya volti 200, 230 na 250, mwenye chombo akachagua kulingana na umeme wa mtaa wake, ilhali seti nyingi za Marekani zimekadiriwa umeme wa volti 120, nazo zikichomekwa hapa zilivyo huungua mara moja.

Valvu zenyewe itatubidi kuziagiza, maana zinatengenezwa leo katika nchi chache, kama Slovakia, Urusi na China. Ni nyepesi, hufungwa katika bahasha, na zikitumiwa kwa uangalifu hudumu miaka. Wala si ngeni katika pande hizi: mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, watu wa Rhodesia ya Kaskazini walianza kuuziwa redio ya valvu iliyotumia betri, iliyotiwa ndani ya umbo la sufuria, kwa bei ya pauni 5, na wanakijiji wakasikiliza kituo cha redio cha Lusaka.

Lazima niseme kwa mkazo juu ya hatari. Volti 300 huua, na kapasita kubwa za chombo hiki huweza kuutunza umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kwa hiyo mwanafunzi asiruhusiwe kutia mkono ndani kabla hajazimaliza nguvu kapasita kwa rezista na kuhakikisha kwa mita, waya wa ardhi ufungwe imara kwenye bamba, na mtu asifanye kazi hiyo akiwa peke yake. Chombo cha namna hii chataka mwalimu, nami sikubaliani na wanaodhani kwamba karatasi ya maelezo iliyokuja na seti yatosha.

Walimu tunao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina vyuo Mbeya na Iringa, SIDO, shirika la viwanda vidogo, imekuwa ikiwalea mafundi wadogo tangu mwaka 1973, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wahandisi wa umeme wanaoweza kuipima transfoma ya fundi wa kusuka mota na kumwambia kwa tarakimu imekosea wapi. Makanisa yenye kwaya, ambayo hutumia fedha nyingi kununua vyombo visivyodumu, yangeweza kugharimia valvu na spika za vyombo kumi vya kwanza, kila kimoja kikaundwa na mpiga gitaa atakayekitumia chini ya macho ya mwalimu wa VETA, sanduku likatoka Mafinga, na kwa mkataba ulioandikwa chombo kikawa mali ya kijana aliyekiunda, ahame kwaya au asihame.