Faiba Imefika, Ufunguo Umebaki kwa Fundi

Intaneti ikisuasua hapa Tabora, jibu liko mdomoni tayari: "Sisi tuko mbali." Mbali na Dar, mbali na bahari, mbali na mkongo. Nimelisikia kwa wapangaji wenzangu, kwa baba mwenye nyumba, hata kwa kijana wa huduma kwa wateja aliyepokea simu yetu. Mimi naona ni jibu la uvivu, na linatula hela ambayo wengi wetu tunaitoa kwenye bumu.

Tupige hesabu kidogo. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tabora hadi Dar kwa njia ya reli ni kama kilomita 840. Kwenda na kurudi ni milisekunde nane na ushee. Ongeza mitambo ya njiani, ongeza na mizunguko, bado hujamaliza kupepesa jicho. Sasa sikia: kule tunakopanga, Isevya, wiki ile tuliyohamishwa kutoka ruta ya laini ya simu kwenda faiba, kompyuta yangu ilikuwa inatumia milisekunde 300 kupata jibu kutoka kwenye kisanduku kilichopo sebuleni. Mara nyingine haipati jibu kabisa. Kutoka kitandani kwangu hadi sebuleni ni mita sita.

Kuna kisa cha njia ya misafara ambacho kila anayesoma Tabora angepaswa kukijua. Novemba 1870 kifurushi cha barua za Livingstone kilifungwa Zanzibar, kiende Ujiji. Kutoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe msafara ulichukua kama miezi mitatu kwa miguu, na wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia hiyo kama sisi tunavyoijua njia ya kwenda kantini. Lakini kifurushi kililala Bagamoyo kama siku mia moja kabla hakijapiga hatua. Kilipofika huku kikakwama tena, maana vita vya Mirambo na Waarabu vilikuwa vimefunga njia ya Ujiji. Kilimfikia mwenyewe karibu mwaka mzima baadaye, kikiwa kimebebwa na Stanley. Ukikaa Zanzibar ungesema ni umbali. Ukiulizia kituo kwa kituo ungeona kuwa muda mwingi ulipotea mzigo ukiwa umetulia chini.

Intaneti nayo inaulizwa hivyo hivyo, kituo kwa kituo, wala huhitaji kusomea kompyuta. Mimi nasoma sosholojia. Fungua ile dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta, andika ping, halafu anwani ya ruta yako. Nyingi ni 192.168.1.1. Ikijibu haraka, nenda mbele: 8.8.8.8, ambayo iko nje kabisa. Hiyo nayo ikijibu, jaribu jina la tovuti. Pale majibu yanapoanza kukata ndipo mzigo ulipolala. Na kabla ya yote angalia taa ya kisanduku cha faiba iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, waya umekatika au umepindwa. Hapo mpigie fundi, usijisumbue.

Kwetu taa haikuwa nyekundu. Kasi ikipimwa kwa waya kwenye kisanduku ilikuwa ile ile tuliyouziwa. Ila kwenye simu, waifai imejaa mistari yote na hakuna kinachofunguka. Wewe unapata, mwenzako wa kitanda cha pili hapati, kesho mnabadilishana. Dada mmoja wa chumba cha nyuma alikatikiwa katikati ya usaili wa mafunzo kwa vitendo, akamalizia kwa bando la simu, na hakuna aliyemwambia kama waliomsaili walisikia jibu lake la mwisho. Wiki mbili nyumba ya watu wanane ililipia faiba na bado ikanunua bando.

Chanzo kilikuwa hiki. Fundi alifunga kisanduku kipya, kisha ile ruta ya zamani ya laini akaiunganisha kwa waya ili ipeleke waifai vyumba vya nyuma. Wazo zuri. Ila aliiacha ikifanya kazi zake za zamani zote. Vifaa vyote viwili vikawa vinajiita 192.168.1.1, vyote viwili vinagawa anwani. Simu iliyopewa anwani na kisanduku kipya inatoka nje. Iliyoishia kwa ruta ya zamani inaelekezwa kwenye laini isiyo na bando. Ni nyumba moja yenye wenyeviti wawili wa mtaa, kila mmoja na mhuri wake.

Dawa ilikuwa dakika kumi. Tuliingia kwenye ukurasa wa ruta ya zamani kwa nywila iliyobandikwa chini yake, tukazima DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani, tukaibadilishia anwani iwe 192.168.1.2. Basi. Tena bila kuchokonoa kile kitufe cha tundu kwa pini. Wengi wanadhani kukichokonoa ni sawa na kuzima na kuwasha. Kumbe kinafuta mipangilio yote, pamoja na ile ya kuingilia mtandao wa kampuni.

Tuliweza kwa sababu ruta ya zamani ni yetu, tuliinunua. Kisanduku kipya hatuwezi kukiingia hadi leo. Fundi alibadilisha nywila ya ukurasa wake akaondoka nayo. Tukiuliza tunaambiwa ni ya kampuni, na mteja akipewa atavuruga. Hoja ya kuvuruga naielewa, nimewaona watu wa pini. Lakini visanduku vingi vina akaunti mbili: ya kampuni yenye kila kitu, na ya mteja ya kubadilisha jina la waifai, kubadilisha nywila na kuona nani yumo. Tupeni hiyo ya pili. Kwetu watu wawili wamehama tangu Januari na waifai yetu bado wanayo kwenye simu zao, na ili tubadilishe nywila ya nyumba tunayolala sisi inabidi tumsubiri fundi, ambaye haji bila "nauli ya boda". Zamani watemi walitoza hongo msafara ukipita kwenye nchi yao. Angalau wao walikuwa wenye nchi.

Sisemi mkongo haukatiki. Mei 2024 nyaya za baharini zilipopata hitilafu kila mtu alijua, kuanzia benki hadi wauza vocha. Nyumba yako peke yako ikikosa na jirani anapata, bahari haihusiki.

Wanachuo wapya wakianza kutafuta vyumba mitaani, makampuni yatakuja getini na vipeperushi kama kawaida. Naiomba wizara ya malazi ya serikali yetu ya wanafunzi iwape karatasi ya nusu ukurasa kabla hawajapewa meza: kasi iliyopimwa kwa waya na kwa waifai chumba cha mwisho siku ya kufunga, kifaa kipi kinagawa anwani, na jina na nywila ya akaunti ya mteja. Mpangaji asisaini kupokea kazi kabla haijajazwa. Rasimu nimeiacha kwa katibu ofisini. Anayeishi nje ya hosteli apite aongeze la kwake, hasa walioko Ipuli na Cheyo ambao nasikia wamefungiwa kwa mtindo huo huo.