Mdai wa Matunzo Ndiye Anayelipa Nauli

UANI KWETU
Na Halima Kisoma

Anayelea mtoto peke yake mjini hapa hupewa vitu viwili kwa wingi: lawama na sifa. Lawama huja mwaka mzima, kuanzia lile neno "singo maza" linalotamkwa kwa kubetua midomo hadi mawaidha ya redioni kuhusu wanawake wa siku hizi wasiojua kuvumilia. Sifa huja Mei, Siku ya Akina Mama: shujaa, jembe, baba na mama kwa wakati mmoja. Nimepokea vyote viwili kwa miaka mingi. Hakuna hata kimoja kilichowahi kwenda kunichukulia mtoto shuleni.

Mazungumzo ya malezi ya mzazi mmoja huanza na hela, na hela ni shida kweli, sibishi. Ila kaa na wanaolea hivyo, utasikia jambo jingine likirudiwa kuliko hela: sina wa kumwachia. Nyumba yenye watu wazima wawili, hata wakiwa hawaelewani, hata mmoja akiwa mlevi, ina mtu wa akiba. Mdogo akipandwa na homa usiku, mmoja anakwenda naye zahanati, mwingine anabaki na mkubwa. Aliye peke yake huyo mtu wa akiba humtafuta upya kila siku. Leo ni jirani kwa ahsante, kesho ni dada wa kazi kwa mshahara, keshokutwa ni mtoto wa miaka tisa anayekabidhiwa mdogo wake wa miaka mitatu na kuambiwa msifungue mlango.

Jirani yangu huku Tandika, Dar es Salaam, anauza chapati na maharage karibu na kituo cha daladala. Saa kumi alfajiri jiko lake limeshawaka. Saa kumi na moja anamwamsha mwanawe wa darasa la pili, anamwogesha akiwa bado anasinzia, anamvalisha sare, anammiminia uji kwenye kikombe chenye kifuniko, kisha anamvika ufunguo wa chumba shingoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Halafu anagonga mlango wa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo bibi. Namwacha hapa barazani. Ikigonga saa kumi na mbili na nusu mtoe, mwenzake wa nyumba ya pili atakuwa anapita."

"Marahaba mwanangu. Nenda, wateja watakukimbia."

Hivyo ndivyo biashara ile inavyosimama. Bibi aliposafiri kwenda msibani Lushoto, chapati za asubuhi zilikatika. Mtaji ulikuwepo, unga ulikuwepo, wateja wanaouliza walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kukaa na mtoto barazani kwa muda usiofika saa moja na nusu. Chapati za saa tatu hazina soko, kwa sababu wenye njaa wameshafika kazini. Aliporudi bibi, jirani yangu alikuwa ameshachukua mkopo wa riba kali, ule wa kausha damu, kulipia kodi ya chumba. Sasa mtu wa semina za ujasiriamali aje anieleze huyu mama anakosa elimu ya biashara.

Shule zetu, zahanati zetu na ofisi zetu zimepangwa kana kwamba kila mtoto ana mtu mzima wa pili aliyekaa nyumbani akisubiri kuitwa. Karatasi inarudi kwenye daftari: kikao cha wazazi, Jumatano, saa nne asubuhi, bila kukosa. Asiyetokea, kesho yake mtoto anaambiwa arudi na mzazi. Tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa na nitalisema kila mara. Lakini saa nne ya Jumatano nayo ina bei, na kwa anayeishi kwa mauzo ya siku, bei hiyo ni chakula cha jioni. Mwalimu akiona kiti kitupu anaandika "mzazi hashirikiani na shule".

Kliniki ya wajawazito nako usiseme. Mjamzito anaambiwa aje na mwenza wake. Nia ilikuwa njema: baba apime afya pamoja na mama, ajue dalili za hatari, asiwe mgeni siku ya uchungu. Ila wapo walioachwa mimba ikiwa na miezi miwili, na hao katika maeneo mengine wametakiwa kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuchukua barua ya kueleza kwamba hawana mwenza. Yaani mwanamke aliyekimbiwa anapanga foleni kwa mwenyekiti, mbele ya majirani, athibitishiwe kwa muhuri kwamba amekimbiwa. Aliyekimbia hadaiwi barua popote.

Hata sheria ya kazi inaonyesha ni nani ilimfikiria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Mama aliyeajiriwa ana haki ya kwenda kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Jirani yangu wa chapati hajawahi kuziona hizo siku wala hizo saa, maana mwajiri wake ni yeye mwenyewe, na wanawake wa mji huu wengi wako upande wake kuliko upande wa wenye mikataba.

Wapo pia akina baba wanaolea peke yao, na wasomaji wangu wanaume hunikumbusha kila nikigusa habari hii. Ni kweli. Mjane wa kiume au aliyeachiwa watoto hupewa huruma ambayo mwanamke haipati: mashangazi wanakuja na sufuria, kanisani anasifiwa kwa kumsuka tu mwanawe mabutu mawili. Lakini huruma ile ina mwisho wake. Akienda kliniki na mtoto mchanga anaulizwa mama yuko wapi kabla ya kuulizwa mtoto anaumwa nini. Binti yake akifika umri wa kuvunja ungo hana wa kumsemesha, na akitafuta dada wa kazi wa kukaa naye nyumbani, mtaa mzima unajua sababu nyingine. Ndugu zake baada ya miezi michache wanamgeukia: oa. Hawamshauri apate msaidizi, apunguze saa za kazi au ahamie karibu na shule. Dawa yao ni moja tu, mtu mzima wa pili, na hata yeye wanamtaka aje kwa mahari.

Najua nitaambiwa kwamba zamani mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Huenda. Ila kijiji hicho kilikuwa na shangazi nyumba ya tatu na bibi nyumba ya nne, wala hakikuhama kila mwenye nyumba alipopandisha kodi. Mjini ukihama kutoka Tandika kwenda Chanika unaanza upya kumtafuta wa kumwamini. Kinachobaki ni kumpeleka mtoto kijijini kwa bibi, na wengi tunafanya hivyo, kisha kila mwisho wa mwezi tunatuma matumizi pamoja na ya kutolea. Bibi wa miaka 70 analea awamu ya pili bila kuulizwa kama anaweza.

Nije kwa yule ambaye mtaani hatumtaji sana, mzazi aliyeondoka. Kwa miaka mingi sheria ya nchi hii ilimwekea baba wa mtoto wa nje ya ndoa ukomo wa matunzo wa shilingi 100 kwa mwezi. Iliandikwa wakati wa mkoloni, shilingi 100 ilipokuwa hela, ikaachwa hivyo hivyo mpaka isitoshe hata nauli ya daladala ya kwenda. Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo iliyoifuta. Sasa mahakama inaangalia kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha, na mtoto ana haki ya kutunzwa, wazazi wawe walifunga ndoa au hawakufunga. Wenzetu Kenya waliliweka jambo hilo ndani ya katiba yao ya 2010, ibara ya 53. Kwa maandishi, hatuko pabaya.

Shida iko njiani. Unaanza serikali ya mtaa, unapewa barua. Unakwenda ustawi wa jamii, unaeleza, unapewa wito umpelekee mwenzako. Ndiyo, mara nyingi umpelekee wewe, yule yule aliyekufungia simu. Siku ya wito haji. Unapewa wito wa pili. Anakuja, anakubali mbele ya ofisa, anatoa ya mwezi wa kwanza, mwezi wa pili anasema mambo magumu, wa tatu hapatikani. Akikana mtoto, kuna vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila haviombwi dirishani na mtu binafsi. Lazima vipitie mahakamani, ustawi, kwa wakili au kwingine kunakotambuliwa. Kila hatua ni asubuhi moja ya kazi, nauli ya kwenda na kurudi, na mtoto aliyeachwa kwa mtu. Anayedai ndiye anayelipa. Anayedaiwa anachotakiwa kufanya ni kutotokea tu. Wanawake wengi ninaowajua hawakushindwa kesi; walifika wito wa tatu, wakapiga hesabu, wakaona bora wakauze chapati.

Na hapa ndipo ninaposhikwa na hasira, kwa sababu dola hii inajua kudai. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haimtumi mtu apeleke wito. Mhitimu akiajiriwa, mwajiri anawajibika kukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi na kuipeleka kila mwezi, mdaiwa apende asipende, awe na mambo magumu au mepesi. Hatukuambiwa kwamba huo ni udhalilishaji. Tuliambiwa ni deni, na deni hulipwa. Mahakama ya watoto ikishatoa amri ya matunzo, kwa nini amri hiyo isiende moja kwa moja kwa mhasibu wa kazini kwake, kila mara, bila mama kurudi kulalamika?

Nitajibiwa kwamba kuna wanawake wanaomtumia mtoto kama rungu, wanapokea hela na kumficha mtoto baba asimwone. Wapo, na wanakosea, na baba huyo naye asikilizwe haraka na ofisi ile ile. Ila ugomvi wa kumwona mtoto hausitishi tumbo la mtoto. Yasikilizwe yote mawili, kila moja kwa faili lake.

Nitajibiwa pia kwamba wanaume wengi hawana hati ya mshahara: ni mafundi, wachuuzi, madereva wa bodaboda. Kweli tena. Lakini laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo habari ya "hapatikani" tusiimeze kirahisi. Ofisa wa ustawi apewe uwezo wa kisheria wa kumtafuta, asimwachie mama kazi hiyo. Ofisi zenyewe zifungue Jumamosi, hata nusu siku. Fundi ambaye kweli hana njia ya kukatwa, atafutiwe utaratibu wake taratibu. Asiwe sababu ya kumwacha mwenye ajira, bima ya afya na gari la ofisi akipita zake kila mwisho wa mwezi.